Kiti cha Meneja

Nikimkumbuka Meneja, namwona amekaa kwenye kiti cha plastiki, cheupe, chenye mikono, chini ya turubai la msiba. Watu wengine wako chini kwenye mikeka, au wamesimama kando ya uzio wa matete wakizungumza polepole. Wanaume wenye nguvu wako makaburini wanachimba. Yeye ana kiti na chupa ya maji ya dukani, na pembeni yake pana viti vingine viwili vitupu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvikalia. Ameweka mikono juu ya magoti. Anatazama njia wanayorudia wachimbaji kupokezana, udongo hadi viunoni, wakitaniana kwa sauti ya chini.

Alikuwa meneja wa kampuni moja ya kukoboa na kufungasha mchele pale Ifakara, na nilimfahamu kwa miaka karibu tisa. Mimi nilikuwa mwandishi wa redio ndogo ya mjini, na bado ndiyo kazi yangu. Mara moja kwa mwaka kampuni yake ilinikodi nipige picha na kuandika kitabu chembamba walichokiita Ripoti ya Jamii, chenye habari za visima, madawati, jezi na miche ya miti. Kwa hiyo nilimjua kama waandishi wanavyowajua watu, yaani kwa maswali. Kuhusu ukoo wake sikuuliza, naye hakusema. Aliniita Mwandishi, nami nilimwita Meneja. Bonde zima lilimwita hivyo, hata watoto, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Nilikuwa na swali moja nililomuuliza karibu kila mwaka. Kwa nini mameneja wa kampuni hufanya mambo haya, na kwa nini wakishayafanya hawatulii mpaka yaandikwe? Kila mwaka alinipa jibu jingine. Nimeyatunza yote kwenye madaftari yangu.

Jibu la kwanza lilikuwa la redioni. "Tunarudisha kwa jamii," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bango. Nilipozima kinasa sauti akavuta kiti chake karibu.

"Umeshazima?"

"Nimezima, Meneja."

"Wanunuzi wa nje wana fomu yao. Kuna sehemu wanauliza, mnawafanyia nini watu wanaowazunguka? Ukiacha pengo pale, mchele wako unabaki ghalani. Sasa wewe ungekuwa mimi ungeacha pengo?"

Mwaka mwingine alirudi kutoka kikao cha mameneja Dar es Salaam akiwa amenuna. Mwenzake wa kanda nyingine alikuwa ameonyesha ukutani picha za zahanati.

"Zahanati, Mwandishi. Mimi nina madawati. Unajua mtu anavyojisikia akiwa na madawati mbele ya mtu mwenye zahanati?"

Nikamwambia kwamba watoto wanaokalia madawati hayo hawana habari na zahanati ya mtu.

"Hao hawakuwepo kwenye kikao," alisema.

Siku moja tulikuwa tumesimama nyuma ya kinu, mbele ya mlima wa pumba za mpunga uliokuwa mrefu kuliko nyumba. Nilimuuliza tena. Alichota pumba kwa kiganja akazipeperusha. "Hizi zinashika moto haraka sana, na kila jirani ana kiberiti," alisema, akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Majibu yote hayo nadhani yalikuwa kweli. Hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa kukupa ukweli ule uliokuwa karibu na mkono.

Kuna msimu ambao wakulima wa kijiji cha Mchombe walilalamikia mizani ya kampuni. Walisema gunia walilolipima nyumbani likifika kwenye mizani ile linakonda kama mgonjwa. Nilikwenda nikarekodi sauti zao, zikasikika redioni. Wiki mbili baadaye timu ya vijana wa Mchombe ikapewa jezi mpya na mipira, na mimi nikaitwa kupiga picha.

"Watu wamelia mizani, wewe umewapa jezi," nilimwambia tukiwa garini.

"Jezi inapigwa picha. Mizani inapigwa picha?"

Niliandika maneno hayo kwa hasira, nikayawekea mstari chini. Lakini siku chache baadaye fundi aliletwa kutoka Morogoro, mizani ikafunguliwa na kurekebishwa, na tangu hapo msimu mzima Meneja alikuwa anafika pale asubuhi kabla ya magunia, anapanda juu ya mizani na viatu vyake mbele ya wakulima, uzito wake unasomwa kwa sauti. Kisha anamwita yeyote anayejua uzito wake apande naye ahakikishe. Watu walikuja mapema kuona Meneja akipimwa. Wakaanza kubishana kama wali wa wiki ile ulimkaa au haukumkaa.

Nilitaka habari hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa ripoti. Alikataa.

"Nikiandika kwamba nimerekebisha mizani, nimeandika kwamba ilikuwa mbovu," alisema.

Kwa hiyo jambo bora kuliko yote aliyowahi kuyafanya katika bonde hili halimo kwenye ripoti yoyote.

Aliishi nyuma ya kinu, kwenye nyumba ya kampuni yenye veranda ya wavu. Mkewe na watoto walikuwa mbali na walikuja mara moja tu, wakati wa likizo, wakaondoka kabla likizo haijaisha kwa sababu ya joto na mbu. Kinu kiliunguruma mchana kutwa, naye alikuwa amezoea kiasi kwamba umeme ukikatika alitoka nje kuuliza kuna nini. Sebuleni, pale ambapo watu wengine huweka picha za harusi na za kipaimara, alikuwa amepanga zile Ripoti za Jamii, mwaka baada ya mwaka, migongo imenyooka. Alizisoma. Alijua nani yuko ukurasa gani.

"Huyu wa kijiji cha Mbingu, mwenye miche," alinionyesha siku moja, "amejifungua mapacha."

"Ulikwenda kuwaona?"

"Niliambiwa."

Chakula cha mchana alikula kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi, kwa sababu alipenda kambale wa nazi. Lakini kila alipoingia, yule mama alimfutia meza ya pembeni, akamletea sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, na wale waliokuwa meza ya jirani wakamaliza haraka. "Mimi nikikaa, meza zinahama," aliniambia. Alisema hivyo akicheka, na mimi nilicheka pia.

Alijifunza salamu za Kindamba, lugha ya wenyeji. Hakuna meneja mwingine ninayemjua aliyejihangaisha hivyo. Shida ni kwamba alijifunza ya asubuhi akaitumia kutwa nzima. Saa kumi na mbili jioni, jua linazama upande wa milima, yeye anawaamkia wazee kwa salamu ya kuamka. Wakaitikia kwa heshima zote. Mimi ndiye niliyemwambia, tukiwa njiani kutoka Mbingu. Alihesabu kwa vidole mpaka tukapita daraja.

"Miaka minne," alisema. Kisha akamgeukia dereva wake. "Na wewe ni wa hukuhuku."

"Ndiyo, Meneja."

"Mbona hukuniambia?"

Dereva hakuondoa macho barabarani. "Nilidhani Meneja anajua anachofanya."

Huku kwetu mgeni hakosolewi. Unamwitikia, unampa kiti, unamshukuru, unamsindikiza. Kukosolewa ni haki ya mwenyeji. Meneja alilielewa hilo polepole, na nadhani lilimuuma kuliko alivyoonyesha, kwa sababu kazini kwake alikuwa mkali sana. Alimrudisha mtu nyumbani kwa kuchelewa dakika chache. Aliwahi kumwambia mhasibu wake mbele yetu sote kwamba mwandiko wake unafanana na njia ya panya. Kisha jioni angekaa kwenye veranda akisubiri mtu yeyote amwambie yeye jambo kama hilo.

Sasa nirudi kwenye misiba. Kampuni ilitoa gari kubeba maiti, ilitoa mchele, na mtangazaji wa shughuli alivisoma vyote kwenye kipaza sauti. Meneja alihudhuria kila alipoweza. Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, na suruali yake iliyopigwa pasi, akapewa kiti.

Asiyejua desturi zetu huenda asione uzito wa jambo hili. Kaburi la mtu huku huchimbwa na majirani. Hakuna anayeitwa. Unafika, unapewa jembe au chepe, unaingia shimoni, ukichoka unapokewa. Ukichelewa unasemwa, tena unasemwa vibaya, na unapewa sehemu yenye mizizi. Mtu aliyehamia kijijini anajua kwamba ameshakuwa mwenyeji siku anaposemwa pale makaburini.

Mbingu, kwenye msiba wa mzee mmoja aliyekuwa akiiuzia kampuni mpunga, Meneja aliinuka kwenye kiti chake. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akaenda makaburini. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika, waliokuwa shimoni walitoka nje. Wakajifuta mikono kwenye suruali. Wakasimama kwa mstari, wakamwamkia. Mmoja akakimbia kule turubaini, na punde akarudi akiwa amebeba kile kiti na koti likiwa juu yake, akakiweka kando ya kaburi, akakipangusa. Meneja akakaa. Hakuwa na la kufanya. Kazi ilisimama mpaka alipoondoka.

Tulipokaribia Ifakara akasema, "Huwa unaniuliza kwa nini. Andika hili, lakini usilichapishe."

Nikatoa daftari.

"Nataka siku moja nifike msibani nipewe chepe."

Dereva alikohoa. Meneja akaangalia nje. "Nilifikiri visima vitatosha," alisema.

Nimelichapisha sasa, na ninajua aliniomba nisifanye hivyo.

Kisima chake kikubwa kilikuwa Mofu, kando ya mto. Kilikuwa kirefu, chenye pampu ya mkono na sakafu ya saruji, na jina la kampuni limepakwa kwa rangi ya bluu. Kila Agosti, barabara zikiwa kavu, wageni wa makao makuu na wanunuzi walipelekwa pale, na kila Agosti mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Sesilia alisukuma pampu huku nikimpiga picha. Alikuwa mjane, mkulima, mwenye meno mazuri na kicheko ambacho hakikuhitaji kuombwa. Alikuwa ametokea kwenye ripoti nyingi kuliko mkurugenzi.

Agosti moja, wageni wakiwa wanapiga picha zao wenyewe, alimsogelea Meneja akiwa na ndoo kichwani.

"Meneja, kila ukija unanikuta na kitenge kipya."

"Kinakupendeza, Mama Sesilia."

"Siku moja njoo unikute na matope."

Akaenda zake. Baadaye ofisini alitoa ripoti zote rafuni, akazifungua mezani, akaniita.

"Angalia hizi picha. Unaona nini?"

Niliangalia. Sikuona kitu.

"Hakuna mvua," alisema. "Miaka yote hii. Bonde zima linaishi kwa mvua, sisi hatuna hata tone."

Ndiyo maana Aprili iliyofuata tulikwenda Mofu, yeye, mimi na dereva, bila kumwarifu mtu. Gari lilikwama baada ya Mbingu, tukaliacha kwa watu, tukatembea, suruali zimekunjwa hadi magotini. Kijiji tulikikuta kitupu. Milango ilikuwa imefungwa kwa waya na kuku hawakuwepo. Kisima kilikuwa kimezungukwa na majani marefu, na mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kamba. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu, aliyebaki kulinda nyumba, alitoka akatuamkia yeye kwanza, ingawa alituzidi umri sote.

"Watu wako wapi, mzee wangu?" Meneja aliuliza.

"Wako mashambani. Ng'ambo."

"Wanarudi lini?"

Mzee alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza mto unaelekea wapi. "Wakishavuna," alisema.

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Nilijua kwamba watu wa vijiji vya mtoni huhamia mashambani mvua zikianza, na watoto, na kuku, na sufuria, wakarudi mpunga ukishavunwa. Nilijua kama ninavyojua kwamba kuna usiku na mchana. Nilikuwa nimepiga picha za kisima kile mwaka baada ya mwaka na sikuwahi kufikiri kwamba kwa karibu nusu ya mwaka kisima chetu kinawapa maji mzee mmoja na mguu wake. Dereva naye alijua. Mwenyekiti wa kijiji aliyetuonyesha pa kuchimba alijua.

Tulivushwa kwa mtumbwi. Mama Sesilia tulimkuta juu ya dungu, kile kijumba cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, akiamia ndege. Kamba zenye makopo zilitoka pale alipokaa zikaenda pande zote za shamba, naye alizivuta kwa mikono na kwa dole gumba la mguu. Alikuwa na matope mpaka mapajani. Alipotuona alicheka kile kicheko cha ripoti, kilekile.

"Umekuja kweli," alisema. "Haya, pandeni. Viti sina."

Meneja alikaa kwenye fito, miguu ikining'inia. Mama Sesilia alichemsha chai isiyo na sukari. Maji aliyachota kwenye shimo kando ya shamba, rangi yake kama ya chai kabla ya kuwa chai. Meneja aliliangalia lile shimo kwa muda mrefu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuja na kisima tayari, baba. Mtu akikuletea zawadi utamwambia amekosea mlango?"

"Lakini miaka yote hii."

"Kile kisima kizuri," alisema Mama Sesilia, akavuta kamba, makopo yakalia, ndege wakaruka. "Tunakisifu. Kinatusubiri kijijini kama mume mpole." Kisha akamtazama alivyoshika kikombe. "Kunywa, maji yamechemka. Unayaogopa nini? Sisi yametulea."

Akanywa. Sikumwona tena akiwa na uso ule aliokuwa nao siku hiyo juu ya dungu. Mama Sesilia alimwambia ashike kamba ya kushoto, akashika. Akamwambia anavuta kama mtu anayefunga mlango, avute kwa kushtukiza. Akavuta kwa kushtukiza. Alivuta kamba ile mpaka dereva alipokumbusha habari za gari.

Wakati wa kuandaa ripoti ya mwaka ule aliniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono. Bado ninayo. Inasema: "Kisima cha Mofu hutumika wakati wa kiangazi. Mvua zikianza watu huhamia mashambani ng'ambo ya mto, na huko hunywa maji ya mashimo mpaka mavuno. Tulichimba mahali tulipowakuta watu siku tuliyowatembelea. Hatukuuliza wanaishije mwaka mzima. Kosa ni letu, na tunaomba kuchimba kingine kule waliko."

"Iweke chini ya picha," alisema. "Usibadilishe neno."

Niliiweka. Siku tatu baadaye nilipigiwa simu na afisa mawasiliano wa makao makuu, dada mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. "Kaka, ile aya ya Mofu iondoe. Weka picha kubwa zaidi, ijaze ukurasa." Nikamwambia ni maneno ya Meneja. "Meneja ni mtu wetu, tutaongea naye," alisema. "Wewe ondoa tu. Na mwakani tunakutegemea, eh?"

Niliondoa. Ningependa kuandika kwamba nilisita. Nilikuwa mezani kwangu, redio imewashwa, nikaifuta aya ile na nikaivuta picha ikajaa vizuri. Mama Sesilia, kitenge kipya, meno yote nje.

Maboksi ya ripoti yalipofika Meneja alifungua moja mbele yangu. Akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Mofu.

"Picha nzuri, Mwandishi," alisema.

Hakuniuliza chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, kwa ukali, hata kwa lile neno la njia ya panya. Hakunikosoa. Nilitoka pale nikiwa mgeni wake.

Agosti wageni walikuja kama kawaida, viti vikapangwa kando ya kisima, Mama Sesilia akasukuma pampu. Ilipofika zamu ya Meneja kukaribisha, alitoa karatasi mfukoni akaisoma ile aya, polepole, kwa Kiswahili, kisha akawatafsiria wanunuzi. Watu wa kijiji walitazama chini. Mwenyekiti alijikuna shingo. Mgeni mmoja aliuliza mashamba yenyewe yako upande gani, na Meneja akamwonyesha kwa mkono, ng'ambo, ambako wakati ule kulikuwa na majani makavu na moshi. Hakuna aliyepiga picha.

Kabla ya mvua kulikuwa na meneja mwingine. Watu wa kinu walisema mkataba ulikwisha, wengine walisema aliomba mwenyewe. Nilipokwenda kumuaga nikakuta veranda imefungwa. Rafu ilikuwa tupu. Meneja mpya alikipaka kisima cha Mofu rangi mpya, nami nikakipiga picha. Naam, niliendelea na kazi ile. Nilidhani mwenzetu amerudi kwao.

Kisha nikaanza kusikia habari zake vipandevipande, kama mtu anavyosikia habari za jamaa wa mbali. Amekodi shamba ng'ambo ya Mofu. Mpunga wake wa kwanza umeliwa wote na ndege. Anaishi chumba kimoja Mofu, nyuma ya kanisa, na mkewe hakuja. Mwaka wa pili amevuna. Nilikusudia kwenda kumwona. Nilikuwa na ile karatasi kwenye daftari na nilitaka kumwambia ni nani aliyeifuta. Kila mara ilitokea kazi nyingine.

Masika haya Mama Sesilia alifariki. Homa ilimkuta shambani, wakamvusha amechelewa. Meneja mpya alituma gari na magunia ya mchele, na mimi nikapanda gari hilo nikiwa na kinasa sauti changu, kwa kuwa redio ilitaka kumkumbuka mwanamke wa kisima.

Mofu ilikuwa imejaa maji. Kaburi lilichimbwa kwenye mwinuko, nyuma ya nyumba yake, lakini hata pale maji yalikuwa yanachuruzika kutoka pembeni, na wachimbaji wawili walikuwa hawana kazi nyingine ila kuyateka kwa ndoo na kuyamwaga. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kuona turubai na kaburi kwa pamoja. Mtangazaji alikuwa anasoma kwenye kipaza sauti jina la kampuni na idadi ya magunia.

Ndipo nilipomwona akija kutoka upande wa mto. Sikumtambua mara moja. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, amevaa buti za mpira na shati lililotoboka begani, na suruali yenye alama ya pasi pengine haijui tena. Alikuwa anatembea haraka, kama mtu aliyejua kosa lake. Mtumbwi ulikuwa umemchelewesha.

Yule mzee mwenye mguu mbovu alikuwa amekaa juu ya kifusi, akiwasimamia wachimbaji. Alimwona akakunja uso.

"We! Saa hizi ndiyo unafika?"

"Mtumbwi, mzee wangu. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Wenzako wako humu tangu alfajiri. Mtu alikufundisha kuamia ndege, unakuja kumzika kama mkuu wa wilaya?"

Waliokuwa shimoni walicheka, mmoja akarusha udongo ukampata kwenye buti. "Mpe kona ya mizizi huyo," alisema. Hakuna aliyetoka shimoni. Hakuna aliyejifuta mikono. Mtu mmoja alimnyooshea ndoo bila kumtazama, naye akaipokea akashuka.

Nilisubiri mpaka alipotoka kupumzika. Alinisogelea akiwa amelowa hadi kifuani.

"Mwandishi. Bado unaandika?"

"Bado." Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Ifakara, lakini yakatoka ovyo. "Ile aya. Ni mimi niliyeitoa. Walinipigia simu nikaitoa."

"Najua."

"Ningekwambia."

"Ulikuwa unawaandikia watu ambao hawatakuja," alisema. "Hata mimi niliwaandikia hao." Akapangusa uso kwa kiwiko, akaacha mstari wa matope kwenye paji. Nilingoja aongeze neno, hata la kuniumiza. Ningelipokea.

"Wewe mzee, umekuja kuhojiwa?" sauti iliita kutoka shimoni. "Maji yanaingia huku!"

"Nakuja," alisema, na akaenda.

Nilibaki nimesimama na kinasa sauti mkononi. Niliona chepe limelala juu ya kifusi, halina mtu. Nilipiga hatua mbili kulielekea. Waliokuwa karibu nalo waliacha walichokuwa wakifanya, wakanipisha njia, na mmoja wao akaniamkia.

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa amekuja na kiti. Cheupe, chenye mikono. Alikipangusa kwa ncha ya khanga yake.

"Karibu ukae, mgeni," alisema. "Utachafuka hapo."

Nikamshukuru. Nikakaa.